Kuinuka kwenye mkeka ukiwa na miaka 61

SWALI: "Mwanangu dokta, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, niko hapa Tanga. Ramadhani ya mwaka jana ndo nilianza kuswali kwenye kiti, kwasababu nikienda chini kuinuka ni kazi, mpaka nishike kitanda au mjukuu anivute mkono. Magoti yanalia kama mlango uliokosa mafuta. Presha ninayo, nameza amlodipini kila siku. Uzito kilo 74. Watoto wananiambia mama umefundisha miaka 36 sasa kaa upumzike, wameniletea na dada wa kazi, sifui wala sipiki. Juzi wamenipitia vijana nyumbani na vidonge vya kurudisha mafuta ya magoti na kalsiamu, dozi ya miezi mitatu, bei yake nusu ya pensheni ya mwezi. Jirani anasema niachane navyo ninywe kongoro. Ninunue vidonge, au ndo uzee wenyewe nikubali?"

JIBU:

Shikamoo Mwalimu. Kwanza nijitambulishe vizuri maana umeniita dokta, mi ni mtu wa fiziotherapia, pale hospitali wagonjwa wanatuita watu wa mazoezi, kwaiyo nitakayoyasema ni ya mtu ambaye kazi yake ni misuli na viungo, mambo ya kubadilisha dawa ya presha nitakurudisha kwa daktari wako.

Nimeisoma barua yako mara mbili na kabla sijagusa vidonge wala kongoro kuna kitu umekiandika mwenyewe ila nadhani kimekupita. Una miaka 61. Kustaafu kwa lazima ni 60. Kiti cha kuswalia kimeingia mwaka jana. Yaani ukipiga hesabu, kiti, dada wa kazi na kustaafu vyote vimeingia nyumbani kwako ndani ya mwaka mmoja. Miaka 36 ulikuwa unaenda shule, unasimama vipindi, unainama kusahihisha madaftari, unarudi unafua, unapika, unakuna nazi, alafu ghafla vyote vimekatwa siku moja kama umeme. Uzee hauji hivyo Mwalimu, uzee unakuja polepole kama maji kujaa, hauji na barua ya kustaafu. Kilichokuja kwa kasi hiyo ni kukaa.

Na hapa wala siwalaumu wanao, ni mapenzi, na mimi mwenyewe nimefanya kosa hilo hilo na kazi yangu ndo hii. Mzee wangu alipostaafu nilimnunulia kochi kubwa la kuzama, unajua yale ukikaa magoti yanakuja usawa wa kifua, nikajisifu kwa ndugu kwamba mzee kapata pa kupumzikia. Baada ya miezi kama minane akawa hawezi kutoka humo mpaka ajiyumbishe mara tatu kama anayerusha jiwe. Tulilitoa kochi tukarudisha kiti chake cha mbao cha zamani, na mama bado ananisema mpaka leo.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani. Misuli ya mwili wa binadamu huwa inaanza kupungua taratibu tangu miaka ya 30 na 40, ukipita 50 unapoteza kama asilimia 1 ya msuli kwa mwaka, na nguvu inapungua haraka zaidi ya huo msuli wenyewe. Mwaka 1989 mtafiti mmoja wa Marekani anaitwa Irwin Rosenberg aliipa hali hiyo jina, sakopenia, ni Kigiriki, maana yake upungufu wa nyama. Hiyo asilimia 1 ni ya mtu anayeendelea na shughuli zake. Mtu anayelazwa ni hadithi nyingine kabisa. Mwaka 2007 watafiti Marekani walichukua wazee 12 wenye afya zao, wakawalaza kitandani siku 10 tu, hawaumwi chochote, wanakula vizuri. Siku ya kumi walikuta kila mmoja kwa wastani kapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Siku kumi! Kwaiyo nikisikia mgonjwa wa malaria wa miaka 65 kalala wiki mbili "anajiuguza" na malaria iliisha siku ya nne, huwa naumia, maana najua atakuja kwangu baadaye anasema tangu ile homa miguu haijarudi.

We hujalazwa, lakini ebu tuhesabu swala. Alfajiri 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4. Rakaa 17 za faradhi, na kila rakaa inaishia sijda, alafu ama unainuka kwenda rakaa inayofuata ama unatoa salamu ndo unainuka. Mara 17 kwa siku ulikuwa unautoa mwili wa kilo 74 sakafuni mpaka wima, wiki moja ni mara 119, hapo sijaweka sunna wala tarawehe. Mimi nikimwandikia mgonjwa mazoezi mara 119 kwa wiki atanikimbia. Ulikuwa na jimu yako ya bure na ukaihama bila kujua. Sisemi kuswali kwenye kiti ni kosa, hilo la dini lina wenyewe na ruhusa ya mgonjwa inajulikana, usianze kujilazimisha kesho ukaanguka. Ninachosema ni kwamba mguu uliokuwa unafanya hiyo kazi sasa haufanyi, na msuli usiopewa kazi mwili unauona ni mzigo wa kulisha bure, unaupunguza.

Kuna daktari mmoja Brazil, Claudio Gil Araújo, yeye na wenzake walichukua watu zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 51 mpaka 80, wakawaambia kila mmoja kaa chini sakafuni alafu inuka, kwa msaada mdogo kadri unavyoweza. Unaanza na alama 10, kila ukiweka mkono au goti unakatwa alama, ukiyumba unakatwa nusu. Wakawafuatilia kwa miaka, matokeo yakatoka 2012, waliopata alama za chini kabisa walikufa kwa wingi mara kadhaa kuliko wale wa alama 8 mpaka 10. Sasa usitishike Mwalimu, haina maana kushindwa kuinuka ndo kunaua, mtu anaweza kushindwa kwasababu ana ugonjwa mwingine ndani. Nimekitaja kwasababu nataka uone kwamba hiki ulicholeta hapa, kuinuka kwenye mkeka, wataalamu wanakipima kama wanavyopima presha. Umeuliza swali la maana kuliko ulivyodhani.

Haya, magoti.

Hayo "mafuta ya magoti yameisha" ni msemo tu, kwenye goti kuna gegedu, ile nyama laini nyeupe unayoiona mwisho wa mfupa wa kuku, na kuna majimaji yanayolainisha. Kwa umri gegedu linalika, ni kweli, wengi wenye 60 wakipigwa picha litaonekana limelika kidogo. Lakini kulia kwa goti peke yake bila maumivu wala kuvimba si ugonjwa, magoti ya vijana wa mpira yanalia vilevile. Na kuna watu wana picha mbaya kabisa na wanatembea vizuri, na wengine picha safi wanachechemea. Tofauti kubwa mara nyingi iko kwenye msuli wa mbele ya paja. Huo ndo unaopokea mzigo ukishuka ngazi au ukikaa, ukilegea mzigo wote unaangukia kwenye goti. Kwaiyo mtu anaumwa goti, anapumzisha, paja linalegea, goti linauma zaidi, anapumzisha zaidi. Nimeona watu wamezunguka kwenye hiyo duara miaka mitano.

Vidonge vya vijana: sikuona kopo lenyewe lakini vingi vya aina hiyo ndani yake ni glukosamini na kondroitini. Vilishapimwa, na utafiti mkubwa ulitoka Marekani mwaka 2006, wagonjwa wa magoti zaidi ya 1,500, wengine wakapewa hivyo, wengine vidonge visivyo na kitu ndani. Kwa wagonjwa wote kwa ujumla hakukuwa na tofauti ya maana, maana hata waliomeza vidonge vitupu wengi walisema wamepata nafuu. Nusu ya pensheni kwa miezi mitatu Mwalimu? Nunua samaki. Kongoro halina ubaya, ni tamu, lakini yale ya kunata ukishakunywa yanasagwa tumboni kama chakula kingine, hayana anuani ya kwenda gotini. Kunywa kama unalipenda, punguza ile mafuta ya juu na chumvi kwasababu ya presha.

Ila kuna kitu hujaniambia na naogopa kwamba ndo unakitumia: vidonge vya maumivu vya duka la dawa. Kama kila jioni unameza diklofenaki au jamii yake, acha kujitibu hivyo uende ukaongee na daktari. Dawa hizo zinapandisha presha, zinabana figo na zinachimba tumbo, na mtu wa 61 mwenye presha ndo anayeumizwa nazo zaidi. Unaweza ukawa unameza amlodipini asubuhi kushusha na diklofenaki jioni kupandisha, alafu kliniki wanaongeza dozi hawajui. Na zile deksa ambazo watu wanapeana za kurudisha mwili na hamu ya kula, hizo kabisa usiguse, zikitumika muda mrefu zinakula msuli wa paja na mfupa, yaani kile kile unachokitafuta. Dawa za mitishamba zisizojulikana zinazoondoa maumivu ndani ya saa moja, hapo pia jiulize kuna nini mle.

Sasa swali la msingi, je msuli ulioondoka kwa mtu wa 61 unarudi? Mwaka 1990 kule Boston daktari Maria Fiatarone na wenzake walichukua wazee 10 kutoka nyumba ya kutunzia wazee, umri wao miaka 86 mpaka 96, dhaifu, wengine wanatembelea fimbo, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, uzito wa kweli sio wa kubembeleza, mara tatu kwa wiki kwa wiki 8. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mmoja hakumaliza. Kwa hiyo wa miaka 90 imewezekana, we bado ni binti kwenye hesabu hiyo.

Twende kwenye praktiko. Leo kabla ya kufanya chochote pima, mwalimu hawezi kufundisha bila mtihani wa kuanzia. Chukua kiti cha meza ya chakula, kigumu, kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, mjukuu ashike simu ahesabu sekunde 30, simama wima kabisa kaa, simama kaa, uone umefika ngapi. Kwa mwanamke wa miaka 60 mpaka 64, chini ya 12 ni chini ya wastani, mwanaume wa umri huo ni chini ya 14. Kama huwezi hata moja bila mikono andika sifuri, hamna aibu, wengi wanaokuja kwangu wanaanza na sifuri au tatu. Andika tarehe na namba nyuma ya mlango wa jikoni.

Alafu ngazi yetu itakuwa vitu vya nyumbani kwako mwenyewe, na mpangilio ni huu: kiti, kigoda, mbuzi ya kukunia nazi, mkeka. Unaona kila kimoja kiko chini kuliko kilichopita. Unaanza na kiti, kama kiti ni kigumu kwako weka mto mnene juu yake uwe mrefu zaidi, hakuna sheria. Unasogea mbele mpaka ukingo, miguu nyuma kidogo chini ya magoti, unainamisha kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, hapo ndo wengi wanakosea, wanajaribu kusimama mgongo umenyooka kama mgeni rasmi na mwili hauendi, alafu unasimama. Kukaa ndo kwenye dawa: shuka taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu, usijidondoshe. Mara 8 mpaka 10, pumzika dakika mbili, rudia, pumzika, rudia. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane, tuseme Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mara mbili za mwisho za kila mzunguko ziwe ngumu kweli, kama unamaliza kumi huku unapiga stori na simu basi ni nyepesi, shuka ngazi. Ukiweza kumi mara tatu bila mikono kwenye kiti, hamia kigoda. Ukimaliza kigoda nenda kwenye mbuzi, na hapo nakuomba kabisa mwambie dada wa kazi nazi utakuna mwenyewe, kukaa kwenye mbuzi na kuinuka ni zoezi ambalo bibi zetu walilifanya maisha yao yote bila kulijua.

Hapa nikumbuke Wahadzabe, wale wawindaji wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2020 ulitoka utafiti, waliwafunga vifaa kwenye mapaja kupima wanavyokaa, ikaonekana nao wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa tu na watu wa mjini wenye ofisi. Lakini hawana makochi, wanachuchumaa, wanapiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo hata wakiwa wamepumzika. Kwaiyo ukitaka kupumzika pumzika Mwalimu, nani kakukataza, ila angalia unapumzikia wapi.

Maumivu. Utaniuliza goti likiuma je. Maumivu ya kadri wakati wa zoezi, tuseme 3 au 4 kati ya 10, na yakarudi kawaida kufikia kesho yake muda kama huo, endelea. Yakizidi hapo au goti likivimba asubuhi, hujaharibu kitu, rudi ngazi moja nyuma, punguza idadi, usiache kabisa. Mapaja kuuma siku mbili za mwanzo kama uliyelima ni kawaida. Usibane pumzi unaposimama, toa pumzi ukinyanyuka, hasa kwa mtu wa presha. Na kama unapata kizunguzungu ukisimama ghafla, kaa kidogo ukingoni kwanza, alafu ukienda kliniki waombe wakupime umekaa na wakupime tena umesimama, ikishuka sana ukisimama daktari anatakiwa ajue. Miguu ikivimba kwenye vifundo pia mwambie, amlodipini huwa inafanya hivyo kwa baadhi ya watu, wengi wanadhani ni figo wanakufa kwa mawazo. Usiiache mwenyewe lakini. Kama ukiwa umetulia presha bado inapita 140 juu au 90 chini mara kwa mara, hiyo inabidi ipangwe upya na daktari, na juu ya 180 hakuna mazoezi, unaenda hospitali.

Kuna mengine mawili madogo ya kuongeza, nayapitia haraka. Simama ushike karo la jikoni, panda kwa vidole vya miguu ushuke taratibu, mara 10, mizunguko miwili. Na kusimama mguu mmoja, kidole kimoja kikigusa karo, lengo ni sekunde 10 bila kushika, kila siku wakati chai inachemka. Huyo Araújo wa Brazil alipima hilo nalo, kati ya watu 1,702 wa miaka 51 mpaka 75 mmoja katika kila watano alishindwa sekunde 10. Ni zoezi la kukuzuia usianguke, maana moja ya vinavyowamaliza wazee wa kike ni ile nyonga kuvunjika, baada ya hedhi kukoma mifupa inapoteza madini kwa kasi, kuanguka chooni usiku kunatosha. Kwaiyo na zile kandambili zilizolika soli tupa leo, na taa ya njia ya chooni iwake usiku.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo na sukari, lengo angalau dakika 150 kwa wiki, na Tanga ni tambarare mna bahati, ila kutembea peke yake hakuleti nguvu ya kuinuka sakafuni, watu wengi wanatembea kila asubuhi mpaka Raskazone na bado wanashindwa kutoka kwenye kochi. Baiskeli kama uliwahi kupanda, na mtu wa Tanga asiyewahi sijui nimkute wapi, ni rafiki mkubwa wa goti. Kama usawa wa mwili bado unayumba isubiri kwanza.

Chakula sasa, na hapa nadhani kuna tatizo ingawa hukuliandika. Naomba nibashiri kifungua kinywa chako: chai, vitumbua viwili au muhogo. Mchana wali na mchuzi, kipande cha samaki kidogo maana kikubwa umewapa wajukuu. Usiku chai tena na mkate. Nimekosea? Msuli unajengwa kwa protini, na mtu akivuka 60 mwili unakuwa mzito kusikia, unahitaji protini nyingi kuliko kijana, kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 74 ni gramu 74 mpaka 89 na zigawanywe, zisirundikwe mlo mmoja. Kwa vitu vya sokoni inakuwa hivi: mayai mawili ni kama gramu 12 au 13, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kunde vilevile karibu hapo, kipande cha maana cha samaki cha gramu 150 kinatoa kama 30 na kitu, konzi ya karanga 7, dagaa wakavu gramu 30 tu wanazidi 15 na wanaliwa na mifupa yao kwaiyo kalsiamu ile ya vijana na kopo unaipata humo humo na kwenye maziwa. Yaani mayai mawili asubuhi, samaki wako mkubwa mchana bila kugawa, maharage au dagaa usiku, glasi ya maziwa, karanga, umefika. Sharti moja, una presha, kabla ya kuongeza protini kapimwe figo, kipimo cha kreatinini ni cha kawaida tu na hospitali ya Bombo watakufanyia, figo zikiwa zimechoka hesabu inabadilika na atakupangia daktari. Pima na sukari siku hiyo hiyo. Dagaa na papa wa chumvi waloweke umwage maji, chumvi yote ya siku haitakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai, ndani ya gramu 5.

Jinsi ya kuinuka chini wakati bado unajenga nguvu, ili mjukuu aache kukuvuta, kuvutwa mkono kunaweza kukutegua bega. Ukiwa chini geuka upande, jisukume kwa mkono mpaka uwe kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, tambaa mpaka kwenye kiti au kitanda, weka mikono juu yake, leta mguu wenye nguvu mbele unyayo wote ukanyage, sukuma kwa mikono na mguu pamoja, zunguka ukae. Ufanye mara moja kwa siku mtu akiwa karibu hata kama huna sababu ya kuwa chini. Siku ukianguka kweli ukiwa peke yako utajua njia.

Vitu vya kukupeleka hospitali badala ya kufanya mazoezi yangu: mguu au mkono mmoja kulegea ghafla au mdomo kupinda, hapo ni haraka sana usisubiri asubuhi. Goti kuvimba likawa jekundu na la moto na homa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma, chini ya goti. Maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi sehemu za siri au mkojo kukutoka au kukataa. Kupungua uzito bila kujua kwanini, maumivu yanayokuamsha usiku. Kifua kubana ukitembea.

Matarajio yako yawe hivi: wiki ya pili au ya tatu utaona wepesi, huo bado sio msuli, ni mishipa ya fahamu imekumbuka kazi. Msuli wenyewe unaanza kuonekana wiki ya 8 mpaka ya 12. Goti linaweza kuendelea kulia miaka yote na wala lisikusumbue. Kurudi kwenye mkeka kwa swala, mi ningeanza na moja tu kwa siku, labda alfajiri kwasababu ni rakaa 2, kiti kikiwa mbele yako cha kushika, nyingine zote endelea kukaa. Ukiizoea wiki mbili ongeza magharibi.

Na wanao waambie hivi, dada wa kazi abaki, mikono miwili ya ziada ni neema, ila kufagia uwanja, kuanika nguo na kukuna nazi ni za kwako. Dumu la lita 5 kila mkono kutoka bombani mpaka jikoni mara mbili ni zoezi kamili. Wakikasirika waambie mimi ndo niliyesema.

Niandikie namba ya kiti ukishaipata hata kama ni sifuri, alafu pima tena baada ya wiki 6. Ikifika 12 tuongee habari ya mbuzi.